Kodi ya Nyumba Si Pesa ya Kutupa

"Ukipanga unamtajirisha mwenye nyumba tu, bora ukope upate kwako." Maneno haya tumekua nayo, na yana ukweli nusu.

Chukua mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kiwango ambacho si kigeni katika nchi zinazoendelea. Katika rejesho la kwanza, kila 100 unayolipa, 95 ni riba. 5 tu ndiyo inayopunguza deni. Lipa miaka mitano bila kukosa hata mwezi mmoja, bado utadaiwa asilimia 94 ya ulichokopa. Ukimaliza, utakuwa umerudisha zaidi ya mara tatu ya mkopo wenyewe. Ajabu ni kwamba riba hiyo hakuna anayeiita pesa ya kutupa.

Sijagusa bado paa linalovuja. Mpangaji humpigia simu mwenye nyumba. Mwenye nyumba humpigia fundi.

Kumiliki kuna raha yake, hasa kutohamishwa ovyo. Na wanaojenga kidogo kidogo hukwepa riba, kweli, ila wengi wao huendelea kulipa kodi huku nondo zikishika kutu kiwanjani.