Watazame Wanaokimbia Bila Mpira

Mjadala wa nani mkali zaidi katika soka ukichemka, lazima mmoja aseme, "Huyo alibebwa na wenzake." Wa pili hujibu, "Wa kwangu aliibeba timu peke yake." Mimi kazi yangu ni kuchambua mechi kwa video. Nasimamisha picha, narudisha nyuma, naangalia upya wachezaji ambao hawana mpira. Kauli zote mbili zinanikera, kwa sababu zote zinautazama mpira tu. Deni kubwa la nyota kwa wenzake mara nyingi haliko kwenye pasi aliyopewa, liko kwenye nafasi aliyofunguliwa.

Chukua bao la nne la Brazil dhidi ya Italia, fainali ya Kombe la Dunia 1970. Wengi tunakumbuka mwisho wake: Pelé anausukuma mpira kulia bila haraka, Carlos Alberto anatokea mbio na kuuachia mkwaju hadi wavuni. Sasa rudisha nyuma sekunde chache. Clodoaldo anawapiga chenga Waitaliano wanne ndani ya nusu yake mwenyewe, mpira unamfikia Rivelino, naye anauchapa mbele kando ya mstari wa kushoto kwa Jairzinho. Simamisha hapo. Jairzinho ni winga wa kulia. Kushoto amefuata nini?

Italia walikuwa wakikaba mtu kwa mtu, na Jairzinho alikuwa mzigo wa Facchetti, beki wao wa kushoto. Jairzinho alipohama, Facchetti akahama naye, na upande wote aliotakiwa kuulinda ukabaki mtupu. Tostão naye amesimama mbele ya Pelé, amemshikilia beki mwingine. Mpira unapomfikia Pelé, mlango uko wazi tayari. Ukuu wa Pelé ni kwamba aliujua mlango ule na akasubiri hadi mwenzake afike, kwa utulivu ambao hata leo unanisisimua kila nikiutazama. Lakini yeye hakuufungua. Kwenye takwimu Pelé anaandikiwa pasi ya bao, na Jairzinho, kwa kumhamisha Facchetti, haandikiwi kitu.

Kuna deni lingine ambalo huonekana mwenye kulidai akishaondoka. Mwaka 2003 Real Madrid walikuwa mabingwa wa Hispania. Majira yale ya kiangazi wakamuuza Claude Makélélé, kiungo wao wa kukaba, kwa Chelsea, wakamleta David Beckham. Zidane, Figo, Raúl, Ronaldo na Roberto Carlos wote walibaki. Msimu uliofuata wakamaliza ligi nafasi ya nne, na ubingwa haukurudi hadi 2007. Simtwiki Makélélé kila kitu, maana kocha Vicente del Bosque pia aliondoka kiangazi kilekile. Lakini Roberto Carlos, beki wa kushoto, alipopanda kushambulia, kuna mtu alikuwa akiziba pengo lake, na mtu huyo hakuwepo tena.

Hapa ndipo ninapotajiwa Maradona wa 1986. Sawa, tumpe haki yake kamili: Argentina walifunga mabao 14 kwenye Kombe la Dunia kule Mexico, naye alifunga 5 na kutoa pasi za mabao mengine 5. Sijaona mashindano ya mtu mmoja yanayoyazidi yale. Lakini angalia alichofanya kocha Bilardo kabla ya robo fainali dhidi ya Uingereza. Pasculli, mshambuliaji aliyefunga bao pekee lililowatoa Uruguay, aliwekwa benchi. Akaingia Héctor Enrique, kiungo wa kukimbia na kukaba. Kocha alimtoa mfungaji ili aongeze mapafu pale katikati, Maradona asihangaike kurudi nyuma. Na lile bao la kuwapangua Waingereza mmoja baada ya mwingine lilianzia kwenye pasi fupi ya Enrique huyohuyo.

Argentina ya Kombe la Dunia 2022 ilirudia jambo hilo. Messi alikuwa na miaka 35 na sehemu kubwa ya mechi alikuwa akitembea. Enzo Fernández na Julián Álvarez walianzia benchi siku waliyofungwa na Saudi Arabia, kisha wakaingia kikosi cha kwanza kuanzia mechi ya Poland. Pamoja na De Paul na Mac Allister, walikimbia mbio ambazo miguu ya Messi haikuziweza tena.

Ukitaka kuona pande zote mbili za mizani kwa mtu mmoja, tazama George Weah, mshambuliaji wa Liberia. Mwaka 1995 alishinda Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Pale Milan, akiwa na mabeki Baresi na Maldini nyuma yake, alitwaa ubingwa wa Italia 1996. Akiwa na Liberia hakuwahi kufika Kombe la Dunia. Kipaji kilikuwa kilekile.

Deni lenyewe, hata hivyo, huenda pande mbili, na ndiyo maana sipendi kuligawa kwa asilimia. Katika fainali ya 1986 Maradona hakufunga. Wajerumani walimganda, na mechi ilikuwa 2-2 zikiwa zimebaki dakika chache. Akazungukwa katikati ya uwanja, akaugusa mpira mara moja tu, ukapenya katikati yao. Kila nikiisimamisha picha pale mpira unapotoka mguuni mwake, Burruchaga, mwenzake aliyefunga bao la ushindi, tayari yuko mbioni kuelekea lango.