Neno "bedlam" lilitoka Bethlehemu

Waingereza wakikuta vurugu na makelele husema "bedlam". Wengi wanaamini neno hilo lilizaliwa na maana hiyo, na kwamba hospitali ya London iliyolitoa ilijengwa tangu mwanzo kuwafungia wendawazimu. Sivyo.

Bedlam ni Bethlehemu, mji ule ule alikozaliwa Yesu, jina likiwa limefupishwa midomoni mwa watu wa London. Mwaka 1247 Simon FitzMary, diwani wa London, alitoa ardhi yake katika eneo la Bishopsgate mjini humo ijengwe nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa kukusanya sadaka za kanisa la huko Bethlehemu kwenyewe. Wagonjwa wa akili walikuja baadaye. Ukaguzi wa mwaka 1403 uliwakuta wanaume sita tu. Sita! Hao si umati wa kupasua masikio ya mji.

Maana ilihama polepole: kutoka jina la nyumba moja, likawa la hospitali yoyote ya wagonjwa wa akili, na kufikia karne ya 17 likawa la fujo yoyote, hata ya sokoni. Mwaka 1676 hospitali ilihamia Moorfields, eneo jingine la London, kwenye jengo la fahari lililosanifiwa na mwanasayansi Robert Hooke, na watu wa mjini wakawa wanaingia kuwatazama wagonjwa kama tamasha. Hilo linaniuma, kwa sababu kelele wanazosimuliwa nazo wagonjwa hao zilikuwa pia za watazamaji.

Hospitali yenyewe ingalipo kusini mwa London, inaitwa Bethlem Royal, na bado inatibu wagonjwa wa akili.