Je, Wajua Laptopu Kuukuu Yaweza Kuwa Fremu ya Picha Ukutani?

Laptopu iliyoharibika kibodi au bawaba bado ina kila kitu ambacho fremu ya kidijitali inahitaji: skrini, diski ya kuhifadhia picha na kompyuta ya kuzionyesha. Basi usikimbilie Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, kununua bodi ya kuendesha skrini, unayo tayari ndani ya laptopu. Kazi ni kufungua bawaba na kuigeuza skrini itazame mbele, upande wa kibodi ukibaki nyuma yake.

Anza kwa kuitoa betri. Laptopu ya ukutani hukaa kwenye chaja kutwa kucha, na betri ya lithiamu iliyojaa pomoni ikipata joto muda mrefu hutoa gesi ndani ikafura. Ikibanwa na mbao za fremu inaweza kupasuka na kushika moto. Usiitupe pamoja na taka za jikoni. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Hasara ya kuitoa betri ni kwamba stima ikipotea, fremu huzima papo hapo. Tafuta ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa inapoanza kuwaka) mpangilio wa kuiwasha yenyewe umeme ukirudi. Laptopu nyingi hazina, kwa hiyo acha swichi mahali kidole kinafika.

Kwenye bawaba hupita waya wa skrini pamoja na nyaya nyembamba za antena ya Wi-Fi. Waya wa skrini ukikunjwa kwa pembe kali, picha huingia mistari au skrini ikawa nyeusi. Uupinde taratibu.

Kuna hitilafu moja inayosumbua sana: fremu inawaka vizuri, ukiifunga tu inalala. Ukingoni mwa skrini mna sumaku ndogo, na upande wa kibodi una kihisio chake. Vikikaribiana, laptopu hudhani imefunikwa. Ikiwa laptopu inatumia mfumo endeshi wa Linux, fungua faili la /etc/systemd/logind.conf, uandike HandleLidSwitch=ignore, kisha uiwashe upya.

Kuonyesha picha, programu ya feh ya Linux inatosha. Andika amri hii kwenye terminali, Picha likiwa jina la folda yenye picha zako:

feh -F -Z -Y -z -D 60 Picha

Hapo picha hujaza skrini, mshale hufichwa, mpangilio huchanganywa na kila picha hukaa sekunde 60. Skrini ikiwa ya pikseli 1366 kwa 768, punguza kwanza picha za simu zifikie kipimo hicho, la sivyo mashine kuukuu itajikokota.

Acha nafasi ya sentimita 2 nyuma, na matundu juu na chini ya fremu ili feni ipumue. Nyumba ikiwa ya mawe, toboa upite plasta hadi kwenye jiwe lenyewe, utie vichomekeo vya plastiki na skrubu mbili. Msumari uliopigwa kwenye plasta tu utang'oka.