Je, wajua kwa nini ni "his late arrival" lakini ni "his arriving late"?

Ukiandika Kiingereza kwa muda lazima ukutane na hili swali: baada ya "my", "his", "their" au "John's", niweke neno la -ing au niweke nomino kamili? "His refusing" au "his refusal"? "Your helping me" au "your help"? Wengi wanaambiwa chagua linalosikika vizuri, na huo ushauri mimi siukubali kabisa, kwa sababu mtu ambaye hakukua na Kiingereza hilo sikio hana, wakati sababu zenyewe zipo na zinaelezeka, tena mtu wa Kiswahili anazitumia kila siku bila kuzifikiria.

Cheki hizi jozi: kuja kwake / ujio wake, kufa kwake / kifo chake, kunisaidia kwako / msaada wako. Upande wa kwanza ni kitenzi-jina, kinakaa kwenye sentensi kama jina na kinamilikiwa kama jina ila ndani yake bado ni kitenzi kizima. Ndiyo maana unaweza kukikanusha ukasema "kutokuja kwake", unaweza kukitia mtendwa kama ile "ni" ya "kunisaidia", na ukitaka kielezi unakiweka tu, "kufa kwake ghafla". Sasa jaribu hayo kwa "kifo". Haitaki, itabidi useme "kifo chake cha ghafla", yaani umejenga kivumishi kwa "cha" kwa sababu jina haliongei na kielezi moja kwa moja, na ukanushi ndo kabisa, hakuna namna ya kuuingiza ndani ya neno "ujio".

Kiingereza nacho hivyohivyo. "His refusing the offer", hapo "the offer" imekaa palepale ambapo ingekaa kama ungesema "he refused the offer", haina kitu katikati. Ukihamia kwenye nomino lazima ulete "of": "his refusal of the offer". Ukitaka kusema alikataa waziwazi bila kona, neno la -ing linachukua kielezi, "his flatly refusing the offer", na nomino inachukua kivumishi, "his flat refusal of the offer". Ndiyo hiyohiyo ya kwenye kichwa cha habari, "late" ya "his late arrival" ni kivumishi na "late" ya "his arriving late" ni kielezi, ila umbo lao ni moja kwa hiyo mtu haoni tofauti, anaona tu kwamba neno limehama. Ukanushi na wakati uliopita navyo ni mali ya -ing peke yake: "his not refusing", "his having refused". Wingi sasa ni mali ya nomino, "two refusals" sawa, "two refusings" hapana.

Kwa hiyo ukikwama usianze na neno lenyewe, angalia kinachofuata. Kama kuna mtendwa asiye na "of", au kielezi cha -ly, au "not", hapo ni -ing na hakuna mjadala. Makosa mengi ninayoyaona ni ya kuchanganya pande mbili, mtu anaandika "his refusal the offer" au "her quickly decision", nomino imebebeshwa kazi ya kitenzi.

Lakini kuna pale ambapo zote mbili zinakubalika kisarufi, na hapa ndipo maana inaingia. Nomino inakupa tukio au matokeo yake yakiwa yameshakamilika, kitu unachoweza kukitaja, kukihesabu, kukipangia saa. -ing inakupa jambo lenyewe kwamba limetendeka, au namna lilivyotendeka. "His decision was wrong" inalaumu uamuzi, yaani alichoamua. "His deciding without asking anyone was wrong" inalaumu kitendo cha kuamua peke yake, na inawezekana kabisa uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri! Hizo ni lawama mbili tofauti kwa mtu mmoja na ukikosea neno unamlaumu kwa kisicho chake. Mwanafalsafa Zeno Vendler aliichambua sana hii tofauti ya matukio na mambo ya kweli miaka ya 1960, na njia rahisi ya kuipima ni kutumia saa: "his arrival took place at noon" inapita vizuri, "his arriving took place at noon" inakwama. Ila "surprised us" inakaa na zote, maana tukio linaweza kukushangaza na habari kwamba jambo limetokea nayo inaweza kukushangaza.

Kama hakuna kinachofuata na nomino ya kawaida ipo, Kiingereza kinaipenda nomino. "We waited for his arrival", siyo "his arriving". "Thank you for your help" inatosha, ila ukitaka kumtaja uliyesaidiwa na kazi yenyewe, "your helping me finish the report" inafanya kazi ambayo "help" peke yake haiwezi. Na kuna vitenzi vingi havina nomino ya pembeni ya kutaja tendo lenyewe, hapo -ing inashika nafasi zote: "her singing", "their coming".

Kwa nini lugha moja ibebe seti mbili? Historia. Kwenye Kiingereza cha kale kiambishi -ung au -ing kilikuwa kinatengeneza majina tupu, mfano "leornung", kujifunza, na kilikuwa kitu tofauti na umbo lingine la kitenzi lililoishia na -ende. Karne zilivyokwenda hayo maumbo mawili yakaja kufanana sauti, na -ing polepole ikaanza kubeba mtendwa na vielezi kama kitenzi. Upande wa pili, baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliokuwa wakiongea Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 maneno ya Kifaransa yalimiminika na viambishi vyake, -ment, -ance, -tion, -al, ndiyo tukapata "agreement", "appearance", "refusal". Ile -ing ya zamani ya jina tupu haikufa lakini, bado iko kwenye "his careful reading of the poem", ona kivumishi na "of", halafu linganisha na "his carefully reading the poem".

Mwaka 1970 Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, aliandika makala maarufu akionyesha kwamba -ing inatengenezeka kwa utaratibu karibu kwa kila kitenzi na maana yake haibadiliki, ila nomino hizi zina umbo lake na maana yake kila moja, kwa hiyo mahali pake ni kwenye msamiati. Ni kweli kabisa: "refuse" inatoa "refusal" lakini "accuse" inatoa "accusation", "laugh" inatoa "laughter", na "propose" inatoa mbili, "proposal" na "proposition", zenye maana tofauti. Hizo unazisoma moja moja, njia ya mkato hamna.

Bado kuna hii ya "my" na "me". Henry Fowler, kwenye kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya 1926, aliisema vibaya sana sentensi ya aina ya "I don't mind him leaving", akitaka iwe "his leaving". Mwaka uleule Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, akamjibu kwa mifano mingi ya waandishi wazuri walioandika hivyo muda mrefu kabla. Leo zote mbili zinatumika, "his" ikiwa rasmi zaidi, ingawa mimi kwenye maandishi ya kazi bado naweka "his". Ila jaribu ujanja huohuo kwenye nomino uone, "I don't mind him departure" haijawahi kuwa Kiingereza cha mtu yeyote, kwa sababu kitenzi kinaweza kumbeba mtendaji wake bila umiliki na nomino haiwezi.