Swali lenye jibu tumboni

Majuzi meneja wa hoteli moja ya Shela, hapa Lamu, aliniambia neno ninalolisikia kila msimu: "Siku hizi siwaamrishi watu wangu, nawauliza." Basi nikaketi kwenye kikao chake cha asubuhi. Tatizo lilikuwa maji kupwa: boti haifiki ufuoni, wageni wanateremka magoti majini, mabegi vichwani. Akamgeukia nahodha: "Huoni tukiongeza wachukuzi wawili mambo yatakwenda?" Nahodha akatazama chini. "Sawa, bosi." Kikao kikaisha.

Hiyo ni amri iliyovishwa kanzu ya swali, na kila aliyekuwapo aliitambua. Nimechoka kuiona ikiitwa ukocha, yaani kuongoza watu kwa kuwauliza badala ya kuwaamrisha. Kabla hujauliza, jipime: kuna jibu lolote litakalokubadilisha nia? Kama halipo, amrisha tu. Amri angalau haimlazimishi mtu kuigiza kwamba ameshauriwa.

Baadaye nilimfuata nahodha gatini, nikamuuliza tabu hiyo huwapata siku gani. Hakusita. "Ni bamvua tu, bwana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka sana mwendo wa saa nne asubuhi. Maji mafu hatuna neno." Akaokota kijiti, akachora mchangani: siku hizo wageni wakitoka uwanja wa ndege wa Manda washushwe gati ya mjini, mabegi yapakiwe punda, wao watembee ufuoni hadi Shela, kilomita tatu hivi. Maji yakishatoka, njia ni kavu. Wachukuzi wa nini?

Mwaka 1962 mwanasaikolojia Sam Glucksberg aliwapa watu mshumaa, viberiti na kiboksi cha pini, wausimamishe mshumaa ukutani. Walioahidiwa pesa wakiwahi walichelewa kuliko wasioahidiwa, kwa sababu ilibidi kwanza waone kwamba kiboksi chenyewe ni kifaa. Pini zilipotolewa kiboksini, jibu likawa wazi, na pesa ikawaharakisha. Mameneja hukumbuka nusu ya kwanza tu, wakadhani kusukuma ni kubaya daima. Sivyo. Injini ikizimika katikati ya mkondo, nahodha aamrishe, na kwa sauti. Msukumo huharibu pale ambapo jibu bado limejificha.

Maoni nayo, kumwambia mtu kazi yake ilivyokwenda, si dawa ya kila kitu: watafiti Kluger na DeNisi walipokusanya tafiti mwaka 1996, zaidi ya theluthi moja ya mara maoni yalishusha utendaji.

Sasa mashaka yangu. Tafiti nyingi zinazosema ukocha wa meneja huzaa ubunifu huwauliza wafanyakazi kwa dodoso, mara moja tu. Huenda mshale unaelekea kinyume: mwenye wafanyakazi wabunifu ndiye anayepata raha ya kuuliza. Halafu kuna heshima. Mtafiti Amy Edmondson aliandika mwaka 1999 juu ya timu ambazo mtu anaweza kusema bila kuogopa kuaibishwa, lakini hapa Lamu mtu hunyamaza mbele ya mkubwa bila hofu yoyote, ni adabu tu, na kwa macho kimya hicho na cha hofu havitofautiani. Ndiyo maana nawaambia mameneja waulize kabla ya kikao, pembeni, wakiwa wawili.

Jumanne meneja alikwenda gatini. "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Kimya kilipoingia akafungua mdomo apendekeze, nikamgusa mkono. Tukangoja. Nahodha akaanza na jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: ngazi ya boti ni fupi, imepungua shibiri mbili.