Kinubi si mkono wa kulia wa kinanda

"Kugawa wimbo wa kinanda ili upigwe na kinubi pamoja na kinanda ni rahisi: mkono wa kulia mpe mpiga kinubi, kilichobaki piga mwenyewe." Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi, nami natamani wapiga kinanda wenzangu wa Mtwara, Masasi na Lindi tuiache kabisa. Kinanda, yaani ogani ya kanisani, hushikilia sauti maadamu kidole hakijainuka. Uzi wa kinubi ukishaachiwa, sauti huanza kufifia papo hapo. Kwa hiyo jiulize kwanza: sauti ipi lazima iendelee, na ipi inaweza kufifia bila hasara?

Chukua "Ich ruf zu dir", wimbo wa Bach wa kinanda (BWV 639 katika orodha ya kazi zake), katika F maina. Ina sauti tatu tu: juu wimbo, katikati akodi zilizovunjwa zinazotiririka, chini besi inayodunda kwa miguu. Ile ya katikati, ya mkono wa kushoto, ndiyo ya kinubi. Wimbo ubaki kwenye kinanda uendelee kuimba. Besi nayo ni ya miguu, ila mimi hupenda kinubi kiiguse pia kwenye pigo la kwanza la kila kipimo. Hapo inasikika wazi bila kuwa nzito.

"Pedali ni pedali tu." Sivyo. Za kinanda hupiga besi. Za kinubi hazipigi nota yoyote. Ziko 7, moja kwa kila jina la nota, na kila moja ina ngazi tatu: flati (nusutoni chini), kawaida na shapu (nusutoni juu). Mfumo huo Sébastien Érard aliupatia hataza London mwaka 1810. Ukisogeza pedali ya E, nyuzi zote za E kati ya nyuzi 47 hubadilika kwa pamoja. Katika F maina, E flati na E ya kawaida hupishana kila mara, basi andika kila badiliko kwenye nota na umwachie mpigaji nafasi ya kusogeza mguu. Vidole navyo ni vinane, maana kidole kidogo cha kila mkono hakitumiki.

"Kibodi yetu ina sauti ya kinubi, inatosha kujaribia." Inasaidia, lakini itakukubalia vidole kumi na nusutoni popote. Unapojaribu, kunja vile vidole vidogo.

"Kinanda hakikosi kuimeza sauti ya kinubi." Si lazima. Chagua safu moja tu ya mabomba, filimbi laini ya futi 8, na usirundike akodi pale pale kinubi kinapopita.

Wengine hudhani pia kwamba kinanda ndicho kitarekebishwa kifuate kinubi. Mabomba hayaguswi kwa ajili ya ibada moja. Kinubi ndicho kinachofuata. Tena kwa unyevu wa pwani yetu, nyuzi za utumbo wa mnyama huhama sauti upesi. Kinubi kikae kwanza kanisani kwa muda, kipatanishwe humo humo, kisha kipatanishwe tena muda mfupi kabla ya kuanza.