Apothekari siyo daktari wa kufunga bandeji, jamani

Juzi tena. Kijana kaja mezani na jeshi lake jipya la Space Marines (wale askari wa deraya kwenye mchezo wa sanamu za mezani, Warhammer 40,000), kalipaka vizuri tu, mistari imenyooka, halafu Apothekari, tabibu wao, kamficha nyuma ya jabali pembeni ya Devasteta, wale wa silaha nzito, mwisho kabisa wa meza. Namuuliza mbona umemweka huko, ananijibu, "Kaka, huyo si ni daktari tu, anakaa nyuma anasubiri majeruhi waletwe." Hii mara ya nne tangu mwaka uanze nasikia jibu hilohilo, na safari hii nimeona bora nikae niandike, maana nimechoka kulieleza kwa mdomo huku mchezo umesimama.

Mpangilio naupitia haraka, wengi mnaujua. Chapta (jeshi moja la Marini linalojitegemea) inayofuata Codex Astartes, kitabu chao cha mpangilio, ina ndugu 1,000 hivi, ndivyo askari wake wanavyoitana, kombania 10 za watu 100. Ya 1 maveterani, ya 2 mpaka ya 5 ndo za vita, ya 6 mpaka ya 9 akiba, ya 10 skauti. Kombania ya vita ina skwodi 10: 6 za Taktiko, 2 za Asolti, 2 za Devasteta. Taktiko wanafanya kila kitu, Asolti wanaruka wanaingia na panga za msumeno, Devasteta wanabeba silaha nzito. Primaris, Marini wa aina mpya, walipoingia mwaka 2017 majina yakabadilika lakini mgawanyo wa kazi ukabaki uleule. Basi. Nje ya hao 100 kuna kapteni, kuna kasisi, kuna Apothekari, na hapa ndo watu wanapopotea.

Tuanze na mwili wenyewe wa Marini. Ana mioyo miwili. Damu yake ina seli za Larraman, kidonda kikifunguka tu zinaganda juu yake zinakuwa kovu, jamaa anaendelea kufyatua. Akiumia kupita kiasi kuna utando kwenye ubongo unamlaza usingizi mzito kama maiti, anakaa hivyo mpaka aje kuamshwa (Imperial Fists wao huo utando hawana, mbegu yao, yaani jeni zinazowatengeneza, iliupoteza). Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anahitaji bandeji ya nani? Ukimfikiria Apothekari kama wale madaktari wa jeshi la kawaida wa kubeba machela na kupaka dawa, umeshakosea mlango. Anatibu, sikatai, anatibu sana tu na anafanya upasuaji huku risasi zinapita, lakini hiyo siyo kazi inayomfanya awe wa lazima.

Kazi yake ni mbegu. Kila Marini kapandikizwa viungo 19, Primaris 22, na cha 18 ndo tezi za projenoidi. Ziko mbili, moja shingoni, moja ndani kabisa kifuani. Ya shingoni inakomaa baada ya miaka 5, ya kifuani 10. Ndani ya tezi ndo kuna mbegu ya kumtengeneza Marini mwingine, na kwa chapta iliyoko vitani hazina yake ya mbegu inajazwa na miili ya ndugu zake wenyewe. Ndugu akianguka na tezi zake zikabaki pale zioze, au ziungue, au adui azibebe, hujapoteza mtu mmoja, umepoteza na wale ambao wangetoka kwake, na wa baada yao. Chapta inakufa hivyo, polepole, hata kama vita vyote inashinda.

Ndo maana mkononi ana ule mtambo, narthisiamu, na kwenye mtambo kuna kifaa cha kutoboa, ridakta. Kiangalieni kwa karibu kwenye sanamu, msikipake fedha haraka mkapita. Kuna keekee ya kupasua deraya, kuna bomba, kuna vichupa. Anapiga goti kando ya ndugu ambaye ndo kwanza kaanguka, anatoboa shingo, anavuta tezi, anatoboa kifua, anavuta ya pili, anainuka. Kama ndugu bado anapumua na hawezi kupona, anampa kwanza Amani ya Kaisari, yaani anammaliza asiteseke, kwa mkono wake mwenyewe. Hayo yote anayafanya pale watu wanapofia, na watu wanafia mbele, wapi kwingine? Ukimweka nyuma ya jabali tezi zitamfuata kwa miguu?

Na vita vikiisha yeye bado yupo kazini. Anapima vijana wanaotaka kuingia, anasimamia upandikizaji, anachunguza kama mbegu imeanza kuharibika, na kila chapta lazima ipeleke asilimia 5 ya mbegu Mars kwa Mechanicus, wale makuhani wa mitambo, ikakaguliwe na kuhifadhiwa. Chapta nyingine zimechanganya majukumu, Space Wolves kuhani wao wa mbwa mwitu ni kasisi na Apothekari kwa pamoja, nadhani hao ndo wameelewa kuliko wote, kwamba anayeitunza roho na anayeitunza mbegu wanafanya kazi moja.

Sasa niwe mkweli, lawama zote siwatupii vijana. Sheria zenyewe za mchezo zinafundisha vibaya. Kwenye toleo la 10 la mwaka 2023 Apothekari anarudisha sanamu moja iliyokufa kwenye skwodi yake, kila raundi, sa mtu mgeni akiona vile atafikiria nini kama si daktari wa kufufua? Kwa meza ni sawa, mchezo unataka kitu cha kuonekana, ila kwa hadithi inapotosha.

Na hesabu ya skauti mimi hainikai sawa mpaka leo. Kila skauti kapandwa mbegu iliyotoka kwa ndugu aliyemtangulia. Akifa kabla ya miaka 5, amekula mbegu na hakurudisha hata tezi moja. Halafu mpangilio wa zamani unawachukua haohao, wasio na deraya kamili, unawatuma mbele peke yao kwenye mistari ya adui! Wanaotetea wanasema ndo kuchuja wanaofaa. Mimi naona ni uharibifu, na kama ningekuwa Apothekari wa kombania ya 10 ningegombana na kapteni wangu kila siku.



Yule kijana usiku kanitumia picha. Kamtoa nyuma ya jabali, kamsogeza na Taktiko, na deraya nyeupe kaanza upya kwa kijivu halafu nyeupe nyepesi tabaka tatu kama nilivyomwonyesha. Vichupa kaviacha vitupu. Nimemwambia kimoja akipake wekundu mzito kidogo, juu yake vanishi ya kung'aa, ionekane hapo kashatoka kwa mtu.